Moshi Mweusi wa Lori Kuukuu

Katika kijiji cha Sanje, barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara hupita chini ya ukuta wa milima ya Udzungwa, na upande wa pili limetandaa bonde la Kilombero. Jina la kijiji hiki lilienea miongoni mwa wanasayansi mwaka 1979, ilipogunduliwa msituni huko aina ya kima ambayo haikuwa imeandikwa katika vitabu vyao (wenyeji, bila shaka, hawakungoja kuambiwa). Lakini mwanafunzi arudiye nyumbani kwa miguu hukutana mara nyingi zaidi na kitu kingine: lori lililosheheni mpunga au miwa, likibadili gia na kumwachia wingu jeusi usoni.

Wingu lile ni nini? Na lori la namna hiyo likikataliwa katika upimaji wa moshi, mwenye lori afanye nini? Watu wengi hujibu upesi kwamba gari limezeeka. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia moto. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda hadi ujazo wake ubaki kama sehemu moja ya kumi na saba ya ule wa awali. Kwa kubanwa hivyo hewa hupata joto lipitalo nyuzi 500 za Sentigredi, na dizeli inyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Ili lita moja ya dizeli iungue yote, huhitaji kilo 12 hivi za hewa, yaani mita za ujazo 10: hewa yote ya chumba chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 na nusu. Tena hicho ni kipimo cha karatasini. Kwa kuwa dizeli na hewa hazipati wasaa wa kuchanganyika sawasawa, injini hutaka hewa nyingi kuliko hiyo. Hewa ikipungua, au dizeli ikizidi, sehemu ya kaboni hubaki bila kuungua, nayo ndiyo masizi.

Kwa hiyo fundi mwenye busara haanzi kwa kufungua injini. Huanza na chujio la hewa, ambalo katika barabara za vumbi huziba mapema mno kuliko kitabu cha gari kisemavyo. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo huzitazama nozeli. Katika malori ya zamani nozeli hufunguka kwa kani ya angahewa 200 hivi na kuitoa dizeli kama ukungu. Ikichakaa, hudondosha matone. Hapa hesabu ya darasani yafaa: tone ambalo kipenyo chake kimeongezeka mara mbili lina dizeli mara nane, lakini uso wake umeongezeka mara nne tu. Moto hula usoni pa tone. Basi ndani hubaki kisichoungua, kama gogo la kuni lililotiwa jikoni bila kupasuliwa.

Sababu ya tatu ni ya kujitakia. Pampu ya dizeli ina skrubu inayoweka kikomo cha dizeli iingiayo katika silinda, na kiwandani huzungushiwa waya na kutiwa lakiri. Madereva wenye mzigo mzito huiomba ifunguliwe ili lori lipande mlima kwa nguvu. Nguvu huongezeka kidogo. Kupita hapo hewa imekwisha, na dizeli iliyonunuliwa kwa fedha hutoka bombani ikiwa masizi. Wako pia waikazao siku ya kupimwa na kuilegeza tena jioni yake.

Upimaji wenyewe hufanywa hivi. Injini hupashwa joto, gia huachwa huru, kisha dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho kwa haraka, mara kadhaa, huku mwanga ukipitishwa katika moshi. Nchi za Ulaya zimeweka kikomo cha 2.5 kwa mita kwa malori ya zamani yasiyo na turbo, na 3.0 kwa yenye turbo. Maana ya 2.5 ni kwamba, mwanga ukipita katika mita moja ya moshi huo, sehemu 8 tu kati ya 100 hufika upande wa pili. Sheria, kama ionekanavyo, ina huruma kwa wazee. Injini baridi, au bomba lililojaa masizi ya zamani, huweza kuliangusha lori lisilo na kosa. Yafaa liendeshwe mwendo mrefu kabla ya kupimwa.

Lakini kufaulu si kuwa safi. Kipimo cha mwanga hakizioni oksidi za naitrojeni, wala hakihesabu chembe ndogo zipenyazo hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliutangaza moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Viwango vya Ulaya vya 1992 viliruhusu injini kubwa ya lori kutoa gramu 0.36 za chembe kwa kila kilowati-saa. Vile vya 2013 huruhusu 0.01. Umbali huo hauzibwi kwa kubadili nozeli. Hata dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, ambayo nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuitumia tangu 2015, hailigeuzi lori kuukuu kuwa jipya.

Hapo ndipo uzee unapohesabika. Chujio, nozeli na pampu vikiwa sawa na moshi ungaliko, fundi hupima kani ya hewa katika kila silinda. Ikiwa ringi zimelika, fedha za nozeli mpya zimepotea. Injini hutaka kufanyiwa matengenezo makubwa au lori liachwe. Aghalabu mwenye lori hachagui lolote kati ya hayo. Huliuza kwa bei ya chini kwa mtu wa mashambani, ambako hakuna kipimamoshi, nalo huanza kubeba mpunga kati ya Ifakara na Kidatu, likipita Sanje asubuhi na jioni, saa za wanafunzi.