Maradhi ya Nafsi Yafichwayo Uani

Huku kwetu pwani mtu akishikwa na homa, jirani huja na uji. Akishikwa na huzuni isiyokwisha, akawa hafungui mlango wala hasemi na wanawe, jirani huja na minong'ono: karogwa, kapandwa na shetani, imani yake haba. Nao watu wa nyumba, kwa kuchelea fedheha, humficha chumba cha uani.

Twapenda kuhesabu maendeleo kwa visima, mashua na madarasa. Lakini mashua yataka nahodha, na nahodha aliyekesha siku kumi kwa mawazo haoni mwamba.

Hofu hiyo ilikuwa na mzizi katika sheria vile vile. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, tulichoachiwa na Mwingereza, kilimhesabu mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, naye aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Basi nani angempeleka mwanawe kwa daktari akaseme yote? Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangua kifungu hicho, ikasema chapingana na Katiba. Tendo lenyewe ni haramu katika dini yetu, hilo halina mjadala. Ila kumtoa mgonjwa korokoroni na kumkabidhi tabibu si kulihalalisha.

Wako wasemao kwamba tiba hii ni ya Kizungu. Hao hawajasikia habari za Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliyeandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alilalamika kuwa matabibu wa zama zake wameshughulikia viwiliwili wakaisahau nafsi. Akaitenga huzuni ijulikanayo sababu yake na ile isiyojulikana imetoka wapi. Akashauri pia mtu ajiwekee fikra njema angali mzima, kama awekavyo dawa nyumbani, zimfae siku ya dhiki.

Mimi sipingi kisomo, nimelelewa nacho chuoni. Nipingacho ni kamba, na kijana kuachishwa vidonge vya hospitali kwa kuwa kombe limeshanywewa. Kombe na kidonge havigombani.

Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa kaunti wajibu wa huduma hizi. Basi wazee wa mtaa wakiketi kupanga mradi, na waulize: zahanati yetu ina muuguzi aliyefunzwa maradhi haya? Dawa zake zapatikana mwezi mzima, au mgonjwa huambiwa akanunue? Na imamu je, yu tayari kulitaja jambo hili mimbarini, Ijumaa, kwa jina lake?