Laga ya Kimironko: Kuituliza Hamira Bila Friji

Mteja wa baa ya Kimironko, jijini Kigali, akiagiza Primus au Mützig, ameagiza laga. Kampuni ya Bralirwa, iliyoanzia Gisenyi mwaka 1957, imewazoesha Wanyarwanda bia hiyo angavu isiyo na harufu ya matunda. Kiwandani matangi hupozwa usiku na mchana. Anayetaka kujipikia laga nyumbani, hatua chache kutoka soko la Kimironko, ana ndoo ya lita 20, jiko, na pengine friji ndogo iliyojaa mboga. Je, baridi ya laga lazima itoke kwenye mashine?

Jibu limo ndani ya hamira. Hamira ya laga, Saccharomyces pastorianus, ni chotara. Mzazi mmoja ni hamira ileile inayoumua mikate. Mwingine ni Saccharomyces eubayanus, kiumbe wa maeneo ya baridi ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2011 baada ya kumpata katika misitu ya Patagonia, Ajentina. Kwa urithi huo laga huchachuka katika nyuzijoto 8 hadi 12, ambapo hamira nyingi husinzia. Lakini kuimudu baridi si kuihitaji. Hamira hiyo hufanya kazi hata kwenye nyuzijoto 20, tena kwa kasi. Ubaya ni kwamba ikikimbia sana hutoa kwa wingi kemikali ziitwazo esta. Mojawapo ndiyo inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Katika urwagwa, pombe ya ndizi, harufu hiyo haimshangazi mtu. Katika laga ni dosari. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya ladha hizo huamuliwa siku za mwanzo, hamira inapozaliana, kazi ya mpishi ni kuituliza siku hizo.

Adui mkubwa kuliko jua ni ndoo yenyewe. Kilo moja ya sukari ikichachuka hutoa kilojuli 580 hivi za joto, na lita 20 za maji ya kimea hubeba takriban kilo moja na nusu ya sukari inayoweza kuchachuka. Joto hilo lote lingebaki ndani, bia ingepanda kwa nyuzijoto 10. Basi chumba chenye nyuzijoto 21 hakimaanishi bia yenye nyuzijoto 21.

Dawa yake ni kanuni inayopoza maji ya mtungini. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na kilojuli 2,400 hivi, kwa hiyo kwa hesabu tupu nusu lita inatosha kubeba joto lote la uchachushaji. Kwa vitendo maji zaidi yatahitajika, maana kitambaa hufyonza joto la chumba pia. Ndoo isimamishwe ndani ya beseni la maji, ivishwe kitambaa ambacho pindo lake limezama, kisha iwekwe kivulini penye upepo. Kitambaa kiwe cha pamba, kwani pamba hupandisha maji vizuri. Kigali ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzijoto 16 hivi. Kwa kitambaa kibichi, ndoo inaweza kukaa kati ya 16 na 19.

Wapishi wa San Francisco katika karne ya 19 waliishi na joto kama hilo. Barafu ilikuwa adimu, nao wakaitumia hamira ya laga hivyohivyo, wakichachusha katika hodhi pana zenye kina kifupi ili joto litoke upesi. Leo mpishi ana uteuzi mpana zaidi. Hamira ya laga iitwayo W-34/70 inasifika kwa kutoa bia safi hata ikikaribia nyuzijoto 20. Kutoka mashamba ya Norwei kuna kveik, ambayo si hamira ya laga lakini huvumilia nyuzijoto 30 na zaidi, na baadhi ya aina zake hutoa bia inayoikaribia laga.

Joto nalo lina faida yake. Hamira huacha kemikali yenye harufu ya siagi, daiasetili, ambayo hamira hiyohiyo huisafisha baadaye ikiwa bia haijapoa mno. Viwandani bia hupashwa kidogo kwa ajili hiyo. Kimironko inatosha kuondoa kitambaa.

Kinachokosekana kweli ni kulaza bia wiki kadhaa karibu na nyuzijoto 0, hatua inayoitakasa. Mpishi atavumilia ukungu kidogo, au atasubiri zaidi ili hamira itue. Usafi wa vyombo usilegezwe, kwani joto linaloifaa hamira huwafaa bakteria pia. Na chupa zisijazwe kabla kipimo cha uzito wa bia hakijasimama palepale kwa siku tatu: sukari iliyobaki huweza kupasua chupa.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria alipiga marufuku kupika bia kuanzia Aprili 23 hadi Septemba 29, kwa kuwa joto la miezi hiyo liliiharibu. Kimironko mambo ni kinyume. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kina hewa kavu, na hewa kavu ndiyo inayokausha kitambaa haraka. Masika, hewa ikishiba unyevu, kitambaa hupoza kidogo tu. Msimu huo kveik ndiyo chaguo la busara.