Beberu wa Ukambani na Hirola wa Tsavo

Mfugaji hodari wa mbuzi kule Mutomo au Kibwezi haachi beberu mmoja atawale zizi miaka nenda miaka rudi. Binti za beberu huyo wakikaribia kupandwa, humuuza au hubadilishana na mfugaji wa kijiji kingine. Anajua kuwa baba akizaa na binti zake, watoto huanza kuzaliwa dhaifu na wengine hufa wakingali wananyonya.

Maarifa hayo ndiyo yanayohitajiwa kumwokoa mnyama mmoja wa mbuga ya Tsavo Mashariki, inayopakana na Kitui na Makueni. Mnyama huyo ni hirola.

Hirola hufanana na kongoni. Ana rangi ya hudhurungi, pembe ndefu zilizopinda na mstari mweupe unaounganisha macho kama miwani. Makao yake ya asili ni nyika kavu za Garissa, Tana River na mpakani mwa Somalia. Katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Sotoka ya miaka ya 1980, ukame, majangili na kupungua kwa malisho viliwamaliza. Hesabu ya wanyamapori nchini ya mwaka 2021 ilipata hirola 497 tu.

Je, ndugu kuzaana kuna ubaya gani? Kila mnyama hurithi jeni nusu kwa baba na nusu kwa mama. Jeni mbovu ya mzazi mmoja mara nyingi hufunikwa na nzima ya mwenzake. Lakini wazazi wakiwa ndugu, huenda wote wawili wamebeba ubovu uleule, na mtoto akaupata maradufu. Tena, kundi la damu moja likipatwa na ugonjwa mpya, huenda asipatikane hata mmoja wa kuustahimili.

Waarabu wa Omani wana kisa cha kutufunza. Choroa mweupe wa mwisho wa porini aliuawa huko mwaka 1972. Kwa bahati njema, wengine walikuwa wamekusanywa mapema. Mwaka 1963 kundi la akiba lilianzishwa katika bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani, kwa choroa tisa: watatu waliokamatwa jangwani, mmoja kutoka London, mmoja kutoka Kuwait na wanne kutoka Saudi Arabia. Wazazi na watoto waliandikwa daftarini ili kupunguza ndugu kuzaana. Mwaka 1982 choroa kumi waliachiliwa katika jangwa la Omani.

Wakaongezeka hadi mamia. Hata hivyo, watafiti waligundua kuwa watoto wa wazazi wenye damu moja walikufa kwa wingi zaidi. Kisha, kuanzia 1996, majangili wakawavamia, na wengi wakapotea. Kwa hiyo damu mchanganyiko bila ulinzi haitoshi.

Hirola hana akiba kama hiyo. Hakuna bustani ya wanyama inayomfuga. Kundi la Tsavo lilitokana na wachache waliohamishwa kutoka Garissa mwaka 1963. Zaidi ya miaka thelathini baadaye walikuwa hawajafika 100. Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori (KWS) liliongeza wengine 29. Lakini wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kupinga mnyama wao kuchukuliwa, na mahakama ikazuia uhamisho.

Hawakukosea kudai haki yao. Mwaka 2012, jamii ya Ishaqbini, Garissa, ilikubali hirola 48 watiwe ndani ya ua usiopenywa na simba. Baada ya miaka michache wakapita 100.

Fikiria mazizi mawili: Tsavo na Ishaqbini. Yakikaa mbalimbali milele, kila moja litazidi kuwa la damu moja. Madume wachache wakibadilishwa mara kwa mara, kwa ridhaa ya wenyeji na kwa uangalifu, kwani hirola ni mwoga na wengine hufa wakikamatwa, mazizi yote mawili yatafaidika.

Kwa hiyo msomaji, ukisikia hirola wameongezeka, usiulize idadi peke yake. Uliza pia: ni watoto wa nani? Mfugaji wa Mutomo huuliza hivyo kabla ya kununua beberu.