Nguzo huoza usawa wa ardhi

Ukiing'oa nguzo iliyokatika kwenye banda au ua, mara nyingi utakuta ncha iliyokuwa chini ya shimo bado ngumu, sehemu ya juu nzima, na palipooza ni usawa wa ardhi na sentimita chache chini yake. Kuvu inayoozesha mti huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Mti wenye unyevu usiofika asilimia 20 hauozi. Uliozama kabisa nao huoza polepole mno kwa kukosa hewa, ndiyo maana nguzo za mbao zilizo chini ya majengo ya Venice zimedumu karne nyingi. Kwa hiyo kuchimba shimo refu zaidi hakuiponyi nguzo. Vita viko juu.

Oili chafu, inayosifiwa sana, haiwezi vita hivyo. Ikipakwa kwa brashi hubaki karibu na uso wa mti, na nguzo ikipasuka inapokauka, maji hupita kwenye ufa hadi ndani. Sumu yake nayo huishia udongoni. Mtu atasema wazee waliipaka na nyumba zikasimama. Zilisimama, lakini tuulize zilijengwa kwa mti gani. Kiini cha mti uliokomaa kama mvule kina kemikali zake zenyewe za kuzuia kuvu na mchwa. Mkaratusi wa miaka michache una sehemu kubwa nyeupe isiyo na kinga hiyo. Huenda sifa ya mti imepewa oili. Zege nalo hudanganya: mti husinyaa, mwanya hubaki, na mvua hujaa humo kama kikombeni.

Kinachofaa ni nguzo iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, kama zile za umeme, na ikizidi urefu ikatwe juu, kwani kukata kitako hufichua kiini ambacho dawa haikukifikia. Kwa nyumba, bora zaidi nguzo isiguse udongo kabisa: ikae juu ya msingi wa zege ulioinuka, ikishikwa kwa chuma. Fundi atapinga kwamba nguzo isiyofukiwa huyumbishwa na upepo. Ni kweli, na ndiyo sababu lazima ifungwe kwa mbao za mshazari. Hata hivyo mbao hizo ni nafuu kuliko kubadilisha nguzo iliyokwisha kubeba paa. Ua hauna paa wala mshazari, hivyo kufukia hakuepukiki. Huko fedha iende kwenye dawa ya kiwandani, na udongo ushindiliwe uinuke kidogo shinani ili maji yateremke mbali na mti.