Je, Wajua? Simba wa stesheni ya Kima

Mwaka 1900 simba aliingia ndani ya behewa katika stesheni ya Kima, Makueni, akamuua ofisa wa polisi wa reli na kutoka naye dirishani!

Ofisa huyo, Charles Ryall, alikuwa amemfuata simba huyohuyo. Behewa liliegeshwa kwenye reli ya pembeni, naye akabaki zamu wenzake wawili wakilala. Usingizi ukamshinda.

Behewa lilikuwa limeinama upande. Simba alipoingia, uzito wake ulilizidisha kuinama na mlango wa kuteleza ukajifunga wenyewe. Wanaume watatu na simba, chumba kimoja! Mmoja alilala sakafuni. Simba alimkanyaga akimfikia Ryall.

Kabla ya hapo simba alishapanda paa la stesheni, akakwangua mabati akimtaka karani wa simu za maandishi. Karani akatuma ujumbe: simba anapigana na stesheni, leteni msaada haraka. (Kazi ya ofisini, wanasema, haina hatari.)

Baadaye simba alinaswa mtegoni akiwa hai, akaoneshwa watu siku kadhaa, kisha akapigwa risasi.

Abiria wa Mombasa na Nairobi waliiacha reli hiyo ya zamani, wakahamia treni ya Madaraka Express, mwaka 2017. Lakini behewa la Ryall bado lipo, katika Makumbusho ya Reli, Nairobi.