Mwombaji na Mwenyeji: Harambee na Tamasha katika Miji ya Lodwar na Kakuma

Mkaazi wa Lodwar hualikwa hadharani kwa njia mbili zisizofanana. Kuna harambee, ambapo huombwa achangie karo ya mwanafunzi, bili ya hospitali au ujenzi wa kanisa. Na kuna tamasha la utamaduni, ambapo yeye na jamaa zake huwakaribisha wageni. Makala haya yanalenga kufafanua nafasi ambayo kila mkusanyiko humpa Mturkana mbele ya watu wengine.

Harambee inafahamika vyema. Neno lenyewe lilikuwa mwito wa wachukuzi na wavuta kamba wa pwani kabla ya Jomo Kenyatta kulifanya wito wa taifa mwaka 1963. Utaratibu wake haubadiliki sana: kamati, kadi za mwaliko, mgeni wa heshima, mfawidhi mwenye ulimi mwepesi, na mbuzi au kuku anayepigwa mnada hadi bei ipite kiasi. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwawekea maafisa hao mipaka katika kuchangisha fedha, ingawa desturi yenyewe haikufa.

Linalosahauliwa ni kwamba kuomba si jambo geni wala la aibu katika jamii ya Waturkana. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu mifugo ya Waturkana na Wajie, alieleza jinsi kila mwenye mifugo alivyokuwa na mtandao wa ndugu, wakwe na marafiki ambao aliweza kuwaomba mnyama alipohitaji kulipa mahari au alipopatwa na msiba. Aliyetoa leo alijua kwamba kesho ataomba. Kiswahili nacho hutumia kitenzi kimoja, kuomba, kwa dua na kwa hitaji la mkono mtupu.

Tofauti huanza pale anayeombewa asipokuwapo. Katika ukame wa mwaka 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ilikusanya michango kutoka kila pembe ya nchi, mingi kwa M-Pesa, na lengo la shilingi milioni 500 likapitwa. Ukarimu huo ulikuwa wa kweli na uliwafikishia watu chakula. Lakini picha zilizouchochea zilikuwa za Mturkana aliyekonda, asiye na jina, asiyesema neno. Katika mtandao wa mifugo mwombaji huja mwenyewe, huketi, huzungumza, na hubaki na deni linalompa heshima ya kuja kuombwa. Katika picha hakuwa na nafasi ya kulipa.

Ndiyo maana jina la tamasha la Lodwar lina uzito. Tobong'u Lore, lililoanzishwa na serikali ya kaunti katika muongo wa 2010, maana yake ni kurudi nyumbani. Wanaokaribishwa hasa ni jamii za Ateker: Wakaramojong na Waiteso, Watoposa wa Sudan Kusini, Wanyangatom wa Ethiopia. Baadhi yao wamewahi kuibiana mifugo na Waturkana kwa bunduki. Wakati wa tamasha huruka pamoja katika ngoma ya edonga na kuelewana kwa lugha zao bila mkalimani. Kiswahili na Kiingereza hutawala zaidi jukwaani, kwa ajili ya maafisa na watalii. Hapo pana la kulalamikia. Katika akiriket, karamu ya nyama ya Waturkana, wanaume huketi kwa nusu duara kwa kufuata ukubwa wa rika, na kila mmoja ni wa Ngimor (mawe) au Ngirisai (chui), kundi lisilo la baba yake. Katika tamasha, hema la wageni wa heshima ndilo linaloamua nani akae kivulini.

Hali ya Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi, ni tata zaidi. Waandishi wengi wa Kiingereza hurudia kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Mwanafunzi wa Kiswahili na alitafute kamusini! Kambi ya wakimbizi ilianza hapo mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo na Warundi hucheza ngoma zao uwanjani. Kiswahili cha Kongo hukutana hapo na kile cha Kenya, na mara nyingi ndicho kinachowawezesha Mrundi na Mturkana kuzungumza.

Mkimbizi, ambaye mwaka mzima huhesabiwa kuwa mpokeaji wa msaada, siku hiyo huwa mwenyeji na huwaonyesha wageni alichotoka nacho kwao. Mfugaji wa Kiturkana, ambaye malisho yake yalikuwa hapohapo na ambaye huuza kuni na makaa kambini, huja kutazama. Yeye naye huketi miongoni mwa wageni.