Mapigo Saba, Hatua Nne

Hesabu moja hadi kumi na mbili, taratibu, kwa mwendo uleule. Piga kofi kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Ukishazoea, ongeza mguu: kanyaga kwenye 1, 4, 7 na 10. Wengi hujikwaa hapa, maana kofi na mguu hukutana mara mbili tu, kwenye 1 na 10.

Makofi hayo saba ni mapigo ya kengele mashuhuri miongoni mwa Waewe wa Ghana na Togo, na wanazuoni wa nadharia ya muziki wamebishana juu yake miaka mingi. Kazi ya mwanazuoni wa nadharia ni kueleza jinsi sikio linavyopanga kinachosikika: pigo gani ni la msingi, lipi linaliegemea. Akiwa mwanahistoria wa nadharia, huuliza pia nani alitoa maelezo hayo, na alikuwa amesimama wapi.

A. M. Jones, mmishonari Mwingereza aliyefanya kazi Zambia, alimwomba mpiga ngoma wa Kiewe, Desmond Tay, agonge mapigo kwenye mashine iliyoyachora karatasini. Mwaka 1959 akachapisha *Studies in African Music*. Humo kila ala ina mistari yake ya mizani, na mianzo ya mizani hiyo hupishana. Msomaji wa nota zile hudhani kila mpigaji ana hesabu yake.

Kofi Agawu, mzaliwa wa Ghana aliyekuja kuwa profesa Princeton, alipinga. Huyu si mgeni wa nota za Ulaya. Kitabu chake cha 1991 kinachambua Haydn, Mozart na Beethoven. Hoja yake ni kwamba wachezaji hukanyaga hatua nne zilezile, na ala zote husikika zikiegemea hapo. Mashine hunasa mkono unaogonga, mguu haiuoni.

Agawu anaeleza pia kwamba Kiewe hakina neno moja linalolingana na "ridhimu" ya Wazungu. Msemaji wa Kiswahili halioni hilo ajabu. Kwetu ngoma ni ala, ni mchezo, na ni shughuli yenyewe watu wanayoiendea.

Sasa rudia zoezi letu, ila safari hii tangulia na mguu. Ukitulia, ingiza kofi.